Sanduku la Kubaki

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, nikiwa bado binti, mwaka wangu wa pili wa kazi huko Doha, nilipokaribia kumnyima mama yangu kitu ambacho nisingeweza kumrudishia tena.

Nilikuwa mwalimu msaidizi wa maabara katika shule moja ya wasichana. Unaweza kucheka, lakini wanafunzi wangu walikuwa wakibuni jaribio la kupelekwa angani. Kweli, angani, kwa roketi! Walitaka kujua mbegu ikiota mahali pasipo na juu wala chini, mzizi wake utaelekea wapi. Walibishana wiki nzima kuhusu mbegu ya kutumia, mpaka mmoja wao, Hanan, msichana wa maswali yasiyokwisha, akaniuliza kwetu tunakula nini. Nikasema kunde. Basi zikawa kunde. Siku hiyo nilitembea kifua mbele, kana kwamba Kitui nzima, kule kwetu Kenya, imepewa tiketi.

Walitengeneza masanduku mawili madogo, kila moja kama kipande cha sabuni ya kufulia, na ndani yake mbegu, pamba na kifuko cha maji. Moja lingeruka. La pili lingebaki nasi kabatini, katika giza lile lile na joto lile lile, lipate maji wakati mmoja na mwenzake. Bila hilo tusingejua safari imebadilisha nini. Hata hivyo hakuna aliyelipenda. Wasichana waliliita sanduku la kubaki, na ufunguo wa kabati nikapewa mimi.

Sasa sikia. Mwajiri alitupa tiketi ya kwenda nyumbani kila baada ya miaka miwili, na zamu yangu ilikuwa imefika. Mama aliishi peke yake Kitui. Kila nilipompigia simu alisema yu mzima, kisha akaniuliza kama nimekula. Sauti yake ilikuwa ile ile ya kuniamsha niende shule. Nilikuwa nikilalia leso yake kwa hamu ya kumwona. Halafu roketi ikaahirishwa, ikasukumwa mpaka katikati ya likizo yangu, nami nikaamua nisiende.

Ijumaa hiyo nilikuwa nasonga ugali katika nyumba tuliyopanga mtaa wa Fereej Bin Mahmoud. Nikamweleza Dada Njeri, muuguzi aliyenizidi umri, ambaye niliishi naye.

"Mama atangoja," nikasema. "Ameshazoea."

Njeri akanipokonya mwiko.

"Ati atangoja? Hilo sanduku lenu mmelifungia kwa kabati. Mamako nani amemfungia?"

"Lakini Dada, wanafunzi wangu..."

"Wanafunzi wana mikono. Mpe huyo Hanan ufunguo, khalas, yaishe. Mimi naosha wazee kila siku huko hosi, na wote wakipigiwa simu wanaambia watoto wao ati wako sawa."

Nilinuna. Niliula ugali ule kwa hasira. Lakini Jumapili tuliporudi kazini nilimpa Hanan ufunguo, naye akanikumbatia kwa furaha mpaka nikaona wivu.

Nilifika Kitui mchana. Mama alikuwa ameketi mlangoni akipukuchua mahindi. Nikasimama mbele yake nikitabasamu kama mjinga. Akainua uso, akalitazama bega langu, akasema kwa adabu, "Karibu. Wewe ni wa kwa nani?"

Macho yalikuwa yamemwishia, mwanangu. Yalianza kufifia zamani, na simu haikuniambia. Niliposema "Mama," gunzi likamponyoka mkononi. Akanishika uso, akapapasa paji, pua, kidevu, polepole.

"Umekonda," akasema. "Na uliniambia unakula."

Daktari wa macho alisema tumechelewa. Basi nikakaa naye likizo nzima, nikimchotea maji na kumsimulia mambo yangu yote. Nilipomweleza habari ya mbegu isiyojua juu ni wapi, alicheka sana, akasema maskini, waiteremshe haraka.

Niliporudi Doha, Hanan alinionyesha picha. Mizizi iliyosafiri ilikuwa imejikunja kila upande. Ile iliyobaki ilikuwa imeshuka chini moja kwa moja. Nilitamani ningekuwapo walipofungua masanduku yale. Bado natamani, sitakudanganya.

Mama alifariki kabla ya zamu yangu nyingine. Zile siku tulizokaa pamoja hazikunitosha. Kichwa changu sasa kimejaa mvi, na bado namtaka mama yangu.

Basi shika neno langu, wewe uliye mbali na kwenu kama nilivyokuwa mimi. Kazi yako ipende, hata ikikupandisha juu ya mawingu. Lakini uliyemwacha nyumbani usidhani umemweka akiba. Naye anaishi, anapungua, na kwenye simu atakuficha kwa sababu anakupenda, kama nawe unavyomficha. Kumuuliza kama yu mzima hakutoshi. Nenda ukamtazame, ukae, akuguse. Utarudi na hamu yako ile ile, pengine imezidi, lakini utakuwa umemwona naye atakuwa amekushika.

Nenda, mwanangu. Mungu akunyooshee njia, akufikishe ungali unangojwa.