Adhuhuri za Sajenti Zima

Nitakayosema hamtayaamini, na siwalaumu. Hata mimi, niliyeiacha shule kabla haijaniacha, nisingeyaamini kama mwenyewe asingekuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa.

Kambini walimwita Sajenti Zima. Kazi yake dizeli na umeme. Kila asubuhi alichovya fimbo kwenye tangi, akaifuta, akaichovya tena, maana kipimo cha kwanza, alisema, hupenda kujisifu. Akipita kwenye kota za askari, hata kimulimuli huficha taa.

Mwaka ule malori ya mafuta yalichelewa, amri ikatoka: adhuhuri mpaka alasiri kota zote zizimwe, umeme ubaki kwa zahanati na chumba cha redio. Zima alikuwa na desturi yake: akizima, huanza na laini ya nyumba yake, asije mtu akasema mgawaji amejipakulia.

Na humo ndani dada alikuwa kalala, kifua kimembana, zahanati imeshamrudisha nyumbani, dawa zimegonga mwamba. Kilichomsaidia kuvuta pumzi ni feni ya mezani.

Koplo wa jenereta akamnong'oneza, "Afande, laini yako tuiruke. Feni moja inakunywa nini?"

"Inakunywa heshima," akajibu, lakini mkono ukagoma kwenye swichi. Akaenda nyumbani kwanza.

"Mama watoto, nikuachie?"

"Uniachie mimi, halafu jirani mwenye mtoto mchanga utamwambia nini?" Dada akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Nenda kazime, mwanamume wewe. Ila urudi."

Akazima. Akarudi. Akachana boksi la vichujio vya mafuta, akampepea adhuhuri zote zilizobaki, akibadili mkono. Siku dada alipokata roho, boksi liliendelea kwenda na kurudi, jirani ndiye aliyemshika mkono, akamwambia, "Baba, inatosha."

Sasa amestaafu. Watoto wamemfungia feni ya dari, haijawahi kuzunguka. Jasho linamtoka, anakaa.

Nami huwaambia watu, naye akiwa papo hapo: siku ya mazishi, jeneza lilipotoka mlangoni tu, jenereta lenyewe, chuma kisicho na moyo, likakohoa mara tatu, likazima kota zote kwa majonzi, kambi nzima ikapiga magoti, na mkuu wa kambi akavua—

"Shemeji, acha uongo. Adhuhuri ilikuwa imefika. Nilizima mimi."