Baba Hakuitwa Marehemu

Mpaka leo sipendi harufu ya mafuta ya nyonyo. Binti yangu huyapaka nywele, na akipita mbele yangu nageuza uso, naye hununa akidhani namwona mchafu. Sijapata kumweleza. Ninyi nitawaeleza, maana hamtanikatiza wala hamtaniambia nisahau kwa kuwa ni mambo ya zamani.

Tulikaa Mahege, mimi na wazazi wangu na bibi mzaa baba. Nyumba ya pili ilikuwa ya baba mdogo, ambaye hakuwa ameoa bado. Wanaume walilimishwa pamba ya Mjerumani mpaka mpunga wetu ukaota magugu, na nyumbani kila mtu alikuwa na hasira zake. Bibi peke yake alikuwa na kuku, na kuku walimpa raha. Siku moja nilimkuta tetea wake amejinyoosha nyuma ya kinu, nikamkimbilia bibi kumwambia kuwa tetea amekuwa marehemu.

Alicheka hata akaketi chini. Kisha akanifundisha huku akichambua mboga. Kuku aliyekufa bila kuchinjwa ni kibudu, haliwi. Mnyama aliyeachwa porini anaoza ni mzoga. Mtu, roho ikimtoka, ni maiti, na maiti ana haki zake kwa walio hai. Akishaoshwa, akakafiniwa, akaswaliwa na kuzikwa, ndipo aitwe marehemu, kwa kuwa tumekwisha kumwombea rehema. Hivyo ndivyo bibi alivyoshika, na nadhani hata mwalimu wa chuo cha Kurani asingethubutu kubishana naye. Nikamuuliza kuhusu kinu. Akasema kinu hakina uhai, lakini hakijafa, maana hakikupata kuishi. Kwa muda mrefu baada ya hapo niliwachosha watu kwa maswali: mkaa umekufa? Na jino langu lililong'oka, je?

Mwaka ule ikaja dawa ya maji kutoka milimani, kusini. Baba mdogo ndiye aliyeileta kwetu, ndani ya kibuyu, maji yenye mafuta ya nyonyo na punje za mtama. Wanaume walinyunyiziwa, wakanywa, na kijiji kizima kikanuka nyonyo. Waliambiwa risasi za askari zitageuka maji. Tena waliambiwa kwamba akianguka mtu hafi, amelala tu na ataamka. Asililiwe, asizikwe, kwa sababu kumzika ni kumuua na kuivunja dawa ya wenzake wote. Baba alikuwa mtu wa mashaka. Alikunywa kwa kuwa mdogo wake alimkazia macho mbele ya watu, kisha akamnong'oneza mama kwamba kama dawa hii inaua magugu ya pamba, basi angeomba kibuyu kizima.

Walipambana na askari karibu na mto. Baba alirudi juu ya machela, ana tundu dogo chini ya ziwa la kushoto, dogo kiasi kwamba nilidhani ni kidonda cha mwiba. Wakamlaza kitandani ukumbini. Baba mdogo akasimama mlangoni akawaambia majirani waliokuja kwamba kaka yake amelala, na mtu asilie.

Nilimtazama bibi, kwa sababu yeye ndiye aliyejua kila kitu kinaitwaje. Akageuza uso ukutani.

Mama aliishika miguu ya baba, akaishikilia kwa muda. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Shemeji, kaka yako amepoa. Tumsitiri."

"Ukimzika umemuua," alijibu baba mdogo. "Na wale wote walioko mbele umewaua."

Wanaume waliomchukua baba walikuwa upande wa baba mdogo. Ndugu zao walikuwa bado porini na dawa ile ile tumboni; ni nani angethubutu kushika jembe? Mama hakubishana. Alikuwa mmoja, na kaburi halichimbwi kwa siri.

Kesho yake baba mdogo alitoka kwenda kuchungulia kama askari wanakuja. Mama akanituma nikachume majani ya mkunazi, akaniambia niyatwange, ni ya kumtoa baba homa. Akaning'iniza mkeka mlangoni. Mimi nilimshikia kata, yeye akamwosha baba chini ya shuka, akianza upande wa kulia. Nilipomuuliza kwa nini kulia, akasema huo ndio upande uliochoka zaidi. Harufu ya mkunazi na ya nyonyo zilichanganyika, na maji yakatiririka mpaka miguuni pangu. Kisha akatoa bafta nyeupe aliyoiweka kwa ajili ya Idi, akamfunika nayo, akaipindia vizuri kila upande. Akasimama mbele ya kitanda, akainua mikono, akasema maneno yake kimya kimya. Hakuinama wala hakusujudu. Nilidhani amechoka.

Nawaambieni nilifurahi siku ile. Niliona mtu haoshwi hivyo wala havishwi nguo ya sikukuu kama hatarajiwi kuamka.

Askari walifika kabla ya alasiri. Tuliona moshi upande wa mashamba, tukasikia bunduki. Baba mdogo alirudi mbio akataka kubeba kitanda, akashika upande mmoja, na wa pili haukuwa na mtu. Wote walikuwa wamekwisha kukimbia. Mama alishika upande ule. Wakainua, wakafika mlangoni, na bibi akaanguka njiani. Ikabidi mama aamue amwinue nani. Alikiweka kitanda chini.

Tulipokuwa mbali tuligeuka tukaona paa letu linawaka. Baba mdogo akasema moto ule utamwamsha.

Tulijificha Salale, ndani ya mikoko, tukila kaa na mizizi, kisha mizizi tu. Bibi hakuvumilia njaa. Siku zake za mwisho alikuwa akimshika mama mkono na kumuuliza, "Mwanangu nimwiteje?" Mama alimjibu, "Amelala, mama." Bibi alizikwa kwenye kijiinuko cha udongo ambacho maji hayakukifikia, akaswaliwa, na siku ile ile akaitwa marehemu. Baba mdogo alirudi vitani na kibuyu chake. Hatukupata habari zake tena.

Vita vilipokwisha tulirudi Mahege tukakuta majivu yameoshwa na mvua, na hapakuwa na kitu cha kuzika. Mama hakukaa eda wala hakuolewa tena. Mtu akimuuliza habari za mumewe alisema amelala, na watu wakamcheka chini chini kwamba hata baada ya maafa yale yote bado anaamini dawa ya maji. Mimi nami niliamini hivyo. Nilimwonea aibu, nikawa namjibia mbele za watu ili asilitamke neno lile.

Mama alipokufa nilikuwa mtu mzima, na wanawake wakaniita ndani nisaidie kumwosha. Mmoja alileta majani ya mkunazi yaliyotwangwa. Akaniambia tuanze kulia. Kata ikanitoka mkononi. Kisha nikasikia nje wanaume wakimswalia, wamesimama tu, hawainami wala hawasujudu.

Basi alijua tangu aliposhika miguu ile. Alimpa haki zake zote alizoziweza mwanamke mmoja na mtoto mmoja, ikabaki ya udongo tu, na hiyo ikashindikana. Na lile neno hakulishika kwa kuamini dawa. Naye alimsikia bibi akinifundisha siku ile ya tetea, tena aliketi karibu yetu akipepeta mchele. Alijua kilichoachwa kinaoza bila kuzikwa kinaitwaje. Kati ya neno la bibi na neno la baba mdogo, alichagua lile la uongo, akaishi nalo peke yake mpaka mwisho.

Juzi binti yangu aliniuliza babu yake alikufa lini na kaburi lake liko wapi. Nywele zake zilikuwa zinanuka nyonyo. Nikamwambia amelala.