Taji Langu, Ugomvi Wao

Mtoto wa mama mdogo alipokuja kuishi nasi London, Mama aliniambia nimwite mdogo wangu. Nilimwita binamu. Alipewa nusu ya chumba changu, na haukupita muda akawa ameshachukua na jiko. Nikirudi kazini nawakuta wanacheka, yeye na Mama, vitunguu vinaungua hakuna anayejali. Nikiuliza kuna nini, Mama anafuta machozi na kusema si kitu, mwanangu, ni mambo ya kwetu tu. Kwetu. Kana kwamba mimi nilizaliwa kwa jirani. Wivu ulinishika, nikaanza kula chakula changu chumbani.

Kwa hiyo aliposema naye atashiriki mashindano ya urembo ya jumuiya yetu, nilifurahi. Hapo tungepimana. Nilimzidi urefu, nilijua kutembea na viatu virefu, na zaidi ya yote Mama alikuwa upande wangu. Alinifundisha jibu. Swali la ndoa za jinsia moja lilikuwa halikosi, kwa sababu wanakamati walipenda kuona binti aliyekulia Uingereza atasimama upande gani. Nilikariri huku nikipiga pasi sare za kazi za Mama, neno kwa neno, na nikikosea ananirudisha mwanzo. Binamu hakufundishwa hata sentensi moja. Niliuona huo ni upendeleo, na kwa mara ya kwanza tangu aje nikalala vizuri.

Ilikuwa Jumamosi mchana, katika ukumbi wa harusi wa Wahindi kule Kingsbury. Viti vilikuwa vya rangi ya dhahabu, na maua ya bwana na bibi harusi wa jioni yalikuwa yameshapangwa nyuma yetu. Tulibaki watatu, na swali likaja.

Nilijibu kwamba namheshimu kila mtu, ila nimelelewa kujua kuwa ndoa ni ya mwanamume na mwanamke, na utamaduni wangu ndio taji langu la kwanza. Ukumbi mzima ulipiga vigelegele. Nilimtafuta Mama kwa macho nikamwona anachezesha midomo, anamalizia sentensi pamoja nami. Msichana wa pili alitutakia amani duniani. Kisha binamu akapokea kipaza sauti kwa utulivu, kama mtu anayepokea kikombe cha chai.

"Nahudumia wazee wawili huko Stanmore, wanaume, wamefunga ndoa," alisema. "Kutwa wanagombana kuhusu hita. Mmoja akilazwa hospitali, mwenzake hali chakula. Kama hiyo si ndoa, basi mniambie ni nini."

Mtu mmoja nyuma alipiga makofi, akajikuta peke yake, akaacha. Mzee mmoja wa kanisa letu alichukua koti lake akatoka. Mimi moyo wangu ulikuwa mweupe kabisa. Nilivishwa taji, na yeye hakupata hata utepe.

Kwenye basi Mama alikaa naye, mimi nikakaa kiti cha mbele yao, taji mapajani. Nilikuwa nangoja kwa hamu. Mama hakunichelewesha. Alimwambia amemwaibisha mbele ya kanisa zima, atapita wapi kesho.

"Kwa aibu hiyo nisamehe, Mamkubwa," binamu alisema. "Lakini nililosema silirudishi."

Nikasubiri radi ipige. Badala yake Mama akaanza kubishana. Alileta Maandiko, binamu akaleta wazee wake. Mama akauliza, haya, kati yao nani anapika? Binamu akajibu wote wawili wanaunguza. Mama akasema usinichekeshe, nimekasirika. Alikuwa amekasirika kweli, lakini macho yalikuwa yanamwaka na mikono haitulii, na nilipogeuka kumtazama nikaona uso ambao sikuwahi kuuona ukielekezwa kwangu. Tukapitiliza kituo chetu kwa sababu hakuna aliyetaka kunyamaza.

Tulirudi kwa miguu, wao mbele, mimi nyuma nikiwa nimebeba viatu virefu vya ukumbini vya watu watatu. Wivu wa jikoni ulikuwa mchezo wa watoto. Mama hajawahi kubishana nami. Alinipa maneno, nikamrudishia yakiwa yamenyooka kama sare zake, na mambo yakaishia hapo. Hakuniuliza ninawaza nini. Huyu aliyefika juzi anagombezwa kama mtu mwenye akili zake.

Nyumbani walipakua chakula huku wakiendelea. Nilisimama mlangoni, taji nimeshalivaa tena ili angalau nionekane.

"Mama," nikasema, "hata mimi sikubaliani na lile jibu ulilonifundisha."

Sikujua kama ni kweli. Nilitaka tu anigombeze.

Aliacha kupakua. Alinitazama kwa huruma, akanishika shavu.

"Umechoka, mwanangu. Vua hilo taji, ule."

Kisha akamgeukia binamu, akavuta kiti akakaa.

"Haya, wewe. Ulikuwa unasema nini?"