Mtungi Wenye Kofia ya Sufi

Nesi alipostaafu ukunga, watu walidhani atafuga kuku. Wengine walimshauri afungue duka la nguo za watoto wachanga, maana nusu ya mji ilipita mikononi mwake ikiwa uchi na vipimo anavijua. Yeye akanunua mtungi wa oksijeni, mtungi wa asetilini, miwani myeusi na aproni ya ngozi, akaanza kuchomelea vyuma uani kwake. Wala si biashara, ni raha zake tu. Alisema oksijeni ameizoea tangu wodini, na kwamba chuma kina faida moja kubwa: ukikitia kwenye joto hakipigi kelele kumwita mama yake.

Kazi zake za mwanzo hazikuwa za kujivunia. Alitengeneza meza iliyolazimika kuegemea ukuta, na kiti ambacho mgeni akikaa alionywa asicheke kwa nguvu. Lakini Nesi hakuwa mtu wa kukata tamaa. Kila siku alivaa miwani, akawasha moto, akaunga vipande vya chuma chakavu hadi vikakubali kukaa pamoja.

Mitungi aliinunua kwa fundi mageti aliyekuwa akihama mji. Ule wa oksijeni ndio ulikuwa kipenzi. Aliupaka rangi nyeusi mikono mitatu, akausugua hadi ukamwonyesha uso wake, na shingoni akaufunga kitambulisho cha karatasi ngumu kama vile alivyokuwa akifunga kwenye vifundo vya watoto wachanga: "Oksijeni. Mama: Nesi. Afya: nzuri." Tena aliufumia kofia ya sufi nyeupe yenye mstari wa njano. Mzaha, ndiyo, lakini kofia yenyewe aliifuma kwa siku mbili na akaifumua mara moja kwa sababu ilibana.

Mumewe alikuwa Refa. Alichezesha mpira miaka ishirini na sita, akakimbizwa na mashabiki wa kila rangi, asivunjike hata kidole. Halafu kipande cha sabuni bafuni kikamvunja nyonga. Nyumba yao ilikuwa na ngazi saba kutoka barazani hadi uani, na kwa miezi minne Refa hakuzishuka. Alikaa barazani na filimbi yake shingoni. Mlio mmoja mfupi ulikuwa maji. Miwili, redio. Mrefu ulimaanisha kwamba hana shida yoyote, ila amemwona Nesi ametulia na jambo hilo halimpendezi.

Dada mkubwa wa Refa, yaani wifi yake Nesi, alikuwa mwanamke mwenye huruma nyingi na sauti kubwa kuliko huruma yenyewe. Jumapili moja alikuja, akaziangalia zile ngazi, akaangalia nyonga ya mdogo wake, akatoa uamuzi.

"Namchukua kwangu. Nyumba yangu haina ngazi hata moja. Na wewe wifi usibaki mpweke, nitakuletea shangazi ninayeishi naye akae nawe. Kwangu chumba cha ziada ni hicho kimoja anacholala yeye, kwa hiyo watapishana tu."

Shangazi alikuwa na miaka themanini na tano, masikio yamekwisha kazi, na tabia ya kuuliza jambo lile lile mara nne. Nesi akazitazama zile ngazi saba.

"Wifi, naweka reli kwenye ngazi. Jumamosi mumeo wa kwanza huyu atashuka mwenyewe."

Alimwita Refa hivyo kwa utani wa mawifi, lakini wifi hakuwa kwenye utani.

"Nani ataiweka hiyo reli?"

"Mimi."

Wifi alicheka mpaka akashika ukuta. Alipomaliza, akajipangusa macho. "Haya. Jumamosi saa nne nakuja na gari na shangazi ndani. Akishuka kwa miguu yake, mimi naondoka. Asiposhuka, anapanda gari."

Wote wawili walimgeukia Refa. Aliigeuzageuza filimbi yake kama anayetafuta ilikoandikwa mwaka wa kutengenezwa. Kimya hicho kilimwuma Nesi kuliko kicheko cha wifi. Miaka arobaini ya ndoa, na mtu hawezi hata kusema "mimi nabaki"? Au moyoni ameshachoka na ngazi, na meza za kuegemea ukuta, na mke anayenuka moshi?

Angeweza kumwita fundi. Lakini fundi akikwambia Jumamosi hakwambii Jumamosi ipi, na zaidi ya hapo Nesi alikuwa ameshasema "mimi" mbele ya wifi. Akaanza kazi Jumatatu. Hadi Jumatano mchana nguzo zote zilikuwa zimesimama imara, akabakiza maungio matatu ya chuma cha juu, kile cha kushikia. Hapo moto ukaanza kukohoa. Akaangalia geji. Sindano ilikuwa imelala kwenye sifuri.

Alhamisi asubuhi alikodi pikapu, akausimamisha mtungi, akaufunga kwa mnyororo, akaukagua mnyororo mara mbili, akauvalisha kofia ya sufi juu ya kofia yake ya chuma inayokinga koki, na kwenda ghala la gesi.

Mtunza ghala alikuwa mwanamume wa makamo mwenye kalamu sikioni. Akaisoma karatasi ya shingoni. Akaitazama kofia. Akamtazama Nesi.

"Shikamoo mama. Huu uache hapa, uchukue mwingine pale ukutani."

"Marahaba. Mwingine wa nani?"

"Wa kampuni. Yote ni sawa tu."

Basi hapo ndipo mtunza ghala alipokosea, na hakujua. Miaka thelathini na nne kazini Nesi aliyasikia maneno hayo mara moja tu, kutoka kwa mwanafunzi aliyesimama katikati ya wodi na watoto wawili wasio na vitambulisho, mmoja kila mkono. Mwanafunzi yule alimaliza mafunzo yake jikoni. Kuhakikisha kwamba hakuna anayeondoka na asiye wake, hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Nesi maisha yake yote.

"Mwanangu, sikuja kubadilisha. Nimekuja kujaziwa. Huu huu."

"Hapa hatujazi, mama. Kiwanda ndicho kinajaza. Sisi unatuletea mtupu, tunakupa uliojaa, basi. Ukitaka huu huu wako uende ukajazwe urudi, inawezekana, ila ni wiki tatu. Nne."

"Nina hadi Jumamosi."

"Basi badilisha."

"Mama yako nani?"

Mtunza ghala hakulitarajia swali hilo, lakini akajibu. Mama yake alikuwa muuza mitumba wa sokoni. Nesi akamkazia macho kwa muda, si usoni, bali umbo zima.

"Ahaa. Wewe ulitanguliza miguu. Kwa saa kumi na moja nzima tulihangaika nawe, na ulipotoka ukanikojolea. Ubishi wako wa leo haunishangazi."

Wapakiaji wawili waliangua kicheko mpaka wakaweka mtungi chini. Mtunza ghala akaitoa kalamu sikioni, akairudisha, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, nakuheshimu sana. Lakini kujaza, siwezi."

Hakuwa mkaidi. Hakuwa na uwezo tu, na Nesi aliliona hilo. Alisimama pale mkono wake ukiwa juu ya kofia ya sufi. Akaiona Jumamosi: shangazi na sanduku lake upande wa kitanda wa Refa, akiuliza kwa mara ya nne kama tayari ni mchana, na baraza bila filimbi. Alitamani kulia, na alijionea aibu kutamani kulia kwa sababu ya mtungi, ingawa alijua vizuri kwamba si mtungi.

"Haya," alisema. "Nibadilishie. Lakini nachagua mwenyewe."

Ukutani palikuwa na mitungi tisa iliyojaa, na Nesi akaizungukia kama daktari wa zamu. Aliinama kusoma tarehe za kupimwa zilizogongwa mabegani. Miwili aliikataa kwa kupitwa na muda. Mpakiaji mmoja aliposhika koki kwa mkono wenye grisi, alipata kofi la mkononi.

"Mafuta kwenye oksijeni! Unataka turushwe wote? Kanawe!"

Akaenda kunawa mbio. Nesi akatoa mkobani kichupa cha maji ya sabuni, akaipaka koki ya mtungi wa tatu, akasubiri. Povu likatoa kipovu kimoja, kingine, kingine.

"Huyu anavuja."

"Kidogo tu, mama," alisema mtunza ghala.

"Hata wewe ulikuwa kidogo tu, na ona ulivyonisumbua."

Mtungi ukawekwa kando, na mtunza ghala mwenyewe akauchora alama kwa chaki, sasa akiwa na adabu zote. Nesi alimaliza safu nzima. Aliouchagua ulikuwa na sura mbaya kuliko yote, rangi imebanduka, kutu begani, lakini tarehe yake ilikuwa nzuri na koki yake ilikaa kimya kabisa ndani ya sabuni. Akaivua kofia ya sufi kwenye kipenzi chake, akakipigapiga mgongoni mara mbili, akamvisha huyu mgeni. Kisha akatoa karatasi mpya mkobani, akaandika na kuifunga: "Oksijeni. Mama mlezi: Nesi."

Nyumbani Refa aliuona mtungi kutoka barazani akapuliza filimbi ndefu. "Huyo nani? Huyo si wetu!"

Nesi akamweleza yote, tangu "yote ni sawa" hadi kipovu cha mwisho, na Refa alicheka mpaka akashika nyonga. Akauliza kama karatasi za vitambulisho bado zipo. Nesi akamwonyesha kwa kidevu kopo lilipo, akaenda kuufunga mtungi kwenye nguzo nyuma ya nyumba.

Ijumaa alichomelea. Maungio mawili yalitoka laini. La tatu, aliuacha moto mahali pamoja kupita kiasi, kwa kuwa alikuwa akiwaza kile kimya cha Jumapili, na pakabaki nundu. Alisaga na kupiga tupa, nundu haikuondoka.

Jumamosi saa nne kamili gari likaingia. Shangazi alikaa mbele, sanduku mapajani. Wifi akashuka, akaifuata reli moja kwa moja, akaitikisa. Haikutikisika. Akaitikisa kwa mikono miwili.

Refa akainuka kitini. Alivaa shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo vyote. Akashika reli, akateremsha mguu mmoja. Nesi alikuwa chini, mikono mbele, na mdomo wake ukaanza kusema wenyewe.

"Pumua. Vizuri. Usiharakishe. Pumua tena."

Kwenye ngazi ya nne Refa alisimama. Jasho lilimtiririka. Wifi akafungua mdomo, Nesi akamnyamazisha kwa kidole bila kumtazama.

"Bado kidogo, mume wangu. Kichwa nakiona. Sasa, haya, sukuma!"

Refa akacheka, na kicheko kikamshusha ngazi ya tano, ya sita, ya saba. Akakanyaga uani. Wifi akapitisha kiganja juu ya reli.

"Hapa juu pana nundu."

"Ndipo niliposhikia," alisema Refa, akihema.

"Hata hivyo mdogo wangu, twende japo mwezi mmoja. Shangazi ameshafungasha. Utabadilisha hewa kidogo."

Refa akapuliza filimbi, mlio mmoja mrefu, ule wa kumaliza mpira. Akafungua kifungo cha mkono wa shati na kuupandisha. Kwenye kifundo palifungwa kitambulisho cha karatasi ngumu, mwandiko wake mwenyewe, mkubwa na wa kupinda. Wifi akainama, akakisoma kwa sauti.

"Refa. Wa Nesi. Habadilishwi."

"Anasemaje?" akauliza shangazi garini.

Wifi akalisogelea dirisha, akayarudia maneno yale kwa nguvu. Shangazi akauliza tena. Mara ya nne majirani watatu walikuwa wameshatoka nje kusikiliza, na wifi mwenyewe alikuwa ameanza kujipangusa macho.

Nesi, aliyeyasikia mara ya kwanza tu, hakuwepo tena. Alikuwa amekwenda nyuma ya nyumba kuhakikisha koki ya mtungi imefungwa. Ilikuwa imefungwa tangu jana.