Aliyeujua Ubao kwa Moyo

Kwa miaka ishirini na mitatu Mama Herufi alikuwa mhudumu wa kliniki ya macho. Alisimama kando ya ubao wa herufi, fimbo mkononi, akimwonyesha mgonjwa mstari wa kusoma. Waliochelewa kurudi kupimwa aliwasema bila haya: "Macho si viatu, baba. Yakiisha huendi dukani!"

Yeye mwenyewe, kila mwaka watumishi walipokaguliwa, alikaa kitini akauimba ubao mzima, hata jina la kiwanda lililoandikwa chini kwa maandishi ya sisimizi. Ubao alikuwa ameukariri zamani. Daktari mzee alicheka, akaandika: hana tatizo.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Aligonga bega mlangoni mwa jikoni, akamlaumu fundi. Alimpita wifi yake barabarani bila salamu. Wifi akanuna wiki mbili.

"Mama, ni macho hayo," binti yake alimwambia.

"Macho gani? Nashinda na madaktari. Ugonjwa utapitia wapi?"

Daktari mzee akastaafu. Aliyekuja baada yake, mwanamke kijana, hakutaka kusikia habari za ubao. Alimkalisha Mama Herufi mbele ya mashine.

"Tazama taa ya katikati, mama. Ukiona nukta ya mwanga pembeni, bonyeza."

Mama Herufi akangoja. Akangoja tena.

"Mwanangu, mashine yako imekufa."

"Mama, zimeshapita nukta arobaini."

Presha ya jicho ilikuwa imemla kingo za macho kimyakimya, bila maumivu. Katikati aliona vizuri. Pembeni hapakuwa na kitu.

"Kilichopotea hakirudi," daktari alisema kwa upole. "Kilichobaki tutakilinda kwa dawa ya matone, kila siku. Laiti ungekuja miaka kumi iliyopita."

"Miaka kumi iliyopita nilikuwa hapa hapa," alijibu. "Hatua tatu kutoka kiti hiki."

Akaingia stoo, akalia huku amefunika uso kwa shuka safi za kliniki. Alipomaliza alimpigia binti yake simu.

"Kesho uje upimwe. Daktari anasema ugonjwa huu hutembea kwenye damu ya ukoo."

"Lakini mama, mimi naona vizuri."

"Hata mimi."

Binti akaja, akinung'unika. Presha ya macho yake ilikutwa imeanza kupanda, kingo zote bado nzima. Alipewa matone, na tarehe ya kurudi. Mama Herufi aliiandika tarehe hiyo mwenyewe, kwa herufi kubwa.