Wasifu wa Levi kwa Kiingereza

Mwalimu Bathsheba alistaafu ili apumzike, lakini wafiwa wa Rangwe hawakumpa nafasi. Kila wiki alipigiwa hodi na mtu aliyeshika karatasi: wasifu wa marehemu, umeandikwa kwa Kiingereza, usomwe mazishini mbele ya wageni. Kwa miaka thelathini alikuwa amewafundisha watoto wa darasa la tatu kutamka. Sasa aliwafundisha wenye msiba, na kusema kweli, hawa walimchosha kuliko wale watoto.

Safari hii alikuja Mellen, mjane wa Levi. Alizaliwa Migori, kwa Wakuria, na ukweni, kwa Wajaluo, hawakuwahi kumkubali. Maxwell, shemeji yake, alikuwa ameshasema kwamba wasifu atausoma yeye.

"Ataruka jina yangu na ya watoto," Mellen alisema. "Anasema Kiingereza yangu ni ya sokoni. Nisaidie, Mwalimu."

Siku tisa walikaa kibarazani. Mellen alijifunza kufungua mdomo, kutomeza miisho ya maneno, kwenda polepole. Ila kila alipofika pale paliposema kwamba Levi alikata roho akiwa amemshika yeye mkono, alilia, akashindwa kuendelea.

"Rudia."

"Hapa inanikwama, Mwalimu."

"Rudia. Ukisema mara mia itabaki kuwa maneno tu. Ukifika kwa koma, pumua."

Hiyo ndiyo iliyokuwa dawa yake, na haikuwahi kumwangusha. Kufikia siku ya sita, Mellen alipita pale kama mtu anayesoma maelezo kwenye pakiti ya mbegu. Bathsheba akavua viatu, akanyoosha miguu iliyovimba, akaridhika.

Jumamosi, kabla Maxwell hajaitwa, Mellen alisimama mbele ya jeneza akasoma. Kila neno lilitoka safi. Wageni wa Nairobi walitikisa vichwa kwa kukubali. Jina lake lilisikika, na majina ya watoto wote watatu.

Mama mkwe hakuridhika. "Hata chozi moja?" aliwauliza wanawake wenzake kwa Kijaluo, bila kunong'ona. "Mwanangu ametangazwa kama taarifa ya habari!"

Bathsheba alikuwa ameketi nyuma yao. Aibu ilimshika. Alitaka kusimama aseme kosa ni lake, lakini alibaki ameketi.

Watu walipokwenda kula, Mellen alikuja akaketi karibu naye.

"Walinisikia?"

"Kila neno."

"Mimi sikusikia kitu, Mwalimu. Nilikuwa kama nasoma mtu wa wengine. Hata sasa natafuta machozi, hakuna. Itarudi lini?"

Bathsheba aliitazama mikono yake. Wasifu wa mume wake mwenyewe aliusoma hivyo hivyo, bila kukwama popote, na huu ulikuwa mwaka wa kumi na mbili tangu amzike.

"Sijui, mama," alisema. "Mimi bado nangoja."