Tembo Mfukoni mwa Mzee Ndayi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka hadi leo kila nikipanda treni ya asubuhi kutoka Blacktown. Nilikuwa msichana, msaidizi wa manesi katika wodi ya wagonjwa mahututi hapa Sydney. Shule yangu fupi, ndoto zangu ndefu.

Manesi walikuwa wanafundishwa kumtambua mgonjwa ambaye akili imevurugika ghafla kwa sababu ya ugonjwa, hali wanayoiita deliriamu. Mwalimu wao, Sista Karen, akasimama kwenye kitanda cha Mzee Ndayi, Mrundi wa kanisani kwetu. Kiingereza mzee hana, nikaombwa nitafsiri maswali mepesi ya kupima akili.

"Mzee, uko wapi?"

"Kambini kwa wakimbizi. Nangoja mgao wa mahindi."

"Je, tembo anaingia mfukoni?"

"Akikunjwa vizuri, mama, anaingia."

Wewe ungefanyaje? Mzee mzima, aliyesimamia ubatizo wangu, achekwe na wageni? Nikasema kwa Kiingereza: "Yuko hospitali. Tembo haingii." Sista akaandika kwamba akili ni timamu. Mimi huyo, najiona nimemsitiri mzee wangu.

Saa nane mchana Mzee Ndayi akang'oa mpira wa dripu, akashuka kitandani kwenda foleni ya mahindi, akaanguka na kuvunjika nyonga. Hapo nikamweleza Sista kila neno alilosema mzee.

Hakunifokea. "Zawadi," akaniita kwa jina, "umempa heshima, umemnyima matibabu."

Madaktari wakampima upya, wakakuta maambukizi kwenye damu. Alipona, ila nyonga ile haikurudi sawa.

Wiki iliyofuata mafunzo yakaendelea, nami nikaingia, nikakaa kiti cha mbele. Mkuu wa wodi akaniambia, "Hapa ni manesi tu. Wewe una mashuka ya kutandika."

"Mashuka yatangoja," nikamjibu. "Waambie manesi wako, mgonjwa akiongea lugha wasiyoijua, wasiandike kwamba yuko sawa. Wamwite mkalimani."

Akanikodolea macho. Sikuinuka kwenye kile kiti, na kila mafunzo yakija, nakaa mbele.

Basi mwanangu, ukisimama kati ya mkubwa wako na daktari, usimpambie maneno. Akisema upuuzi, peleka upuuzi wenyewe, mzimamzima, maana ndio utakaomwokoa. Wakikuambia si kazi yako, bisha. Bisha kwa adabu, lakini bisha.

Mungu akupe ulimi usiopamba na shingo isiyoinama mbele ya cheo. Uishi, na wazee wako waishi.